Gemu ya familia: Kabla ya kununua, mtazame anayeshindwa

Ni Jumamosi jioni, mvua za Desemba zimeanza kunyesha Singida mjini. Shule zimefungwa, watoto wamejaa nyumbani, na uwanja wa kuchezea umegeuka tope. Huu ndio msimu ambao wazazi wengi huanza kuulizwa swali moja kila siku: “Baba, tutanunua lini gemu?”

Chukua mfano wa nyumba moja mtaa wa Misuna. Baba amepata faida kidogo kwenye biashara ya alizeti. Kwa muda mrefu kuna jambo linamkera: kijana wake wa kidato cha pili haonekani nyumbani. Akitumwa chumvi, anarudi baada ya saa mbili na chenji imepungua, imeishia kwenye kibanda cha gemu. Baba anapiga hesabu zake. Bora mashine ije sebuleni, familia yote ifurahi, na kijana awe machoni pa wazazi. Ananunua PlayStation 4 iliyotumika, pedi mbili za kuchezea na CD ya gemu ya mpira.

Wiki ya kwanza ni sherehe. Wiki ya pili, binti wa darasa la tano amefungwa mabao manane na kaka yake, naye ameweka pedi chini na kwenda jikoni kumsaidia mama. Kitinda mimba wa miaka sita analia kwa sababu hapewi zamu. Baba alijaribu mara moja, akafungwa, akacheka kwa aibu na hakurudi tena. Bibi, aliyekuja kutoka Ilongero kuwasalimu wajukuu, anauliza tu taarifa ya habari inaanza saa ngapi. Wiki ya tatu sebuleni amebaki mtu mmoja. Ni yule yule kijana wa kibandani, ila sasa umeme anaotumia analipa baba yake.

Nyumba hiyo ni ya mfano tu, lakini mzazi aliyewahi kuleta mashine ya gemu nyumbani ataitambua. Baba hakukosea kununua gemu. Alikosea kumchagulia yule ambaye tayari anajua kucheza. Gemu ya familia huchaguliwa kwa kumtazama atakayeshindwa: je, akishindwa atacheka na kuomba mchezo mwingine, au ataondoka?

Gemu ya kundi ni ipi?

Gemu nyingi za runinga zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja, au wawili wanaopambana. Lakini lipo kundi la gemu zilizobuniwa makusudi kwa watu waliokaa pamoja kwenye chumba kimoja, wenye umri na ujuzi tofauti. Michezo yake huwa mifupi, sheria zake hueleweka kwa dakika moja, na bahati huwa na nafasi yake.

Inayojulikana zaidi duniani ni Mario Party, iliyotoka Japani mwaka 1998 kwenye mashine ya Nintendo 64. Mtu aliyewahi kucheza ludo ataielewa mara moja. Wachezaji wanne wanazunguka kwenye ubao kwa kurusha dadu, na kila baada ya mzunguko wanashindana katika mchezo mfupi wa kukimbia, kuruka au kukumbuka. Mwishoni hugawiwa nyota za ziada, hivyo aliyekuwa nyuma anaweza kuibuka mshindi. Mpango huo ndio unaomfanya bibi na mjukuu wakae mkeka mmoja.

Mwaka 2006 Nintendo ilitoa Wii Sports, ambapo mchezaji hutikisa mkono kama anayepiga tenisi badala ya kukariri vitufe. Gemu hiyo iliingia hadi kwenye nyumba za kutunzia wazee huko Marekani, watu wasiowahi kugusa gemu wakishindana kuangusha pini kwa tufe. Kwa familia, somo lake ni kwamba kikwazo cha mtu mzima mara nyingi ni wingi wa vitufe. Umri wake hauna neno.

Maswali matano ya kuuliza dukani

Muuza gemu atakuambia ipi ni mpya na ipi inatafutwa na vijana. Hayo hayakusaidii sana. Muulize haya.

La kwanza, wanacheza wangapi kwa wakati mmoja kwenye runinga moja? Gemu nyingi huandikwa kwamba ni za watu wengi, kumbe maana yake ni kila mtu na mashine yake, kupitia intaneti. Tafuta maandishi ya wachezaji 1 hadi 4 wanaocheza mahali pamoja, na uombe uonyeshwe.

La pili, anayeanza leo anaweza kushinda leo? Kwenye gemu ya mpira au ya ngumi, aliyecheza miaka mitatu atamshinda anayeanza kila mara. Kwenye gemu yenye dadu, bahati au kushirikiana, mgeni ana nafasi.

La tatu, anayeshindwa anakaa wapi? Zipo gemu ambazo ukikosea mara moja unatolewa na kubaki mtazamaji kwa dakika kumi. Mtoto wa miaka sita hawezi kungoja dakika kumi. Tafuta inayomrudisha aliyekosea baada ya sekunde chache.

La nne, mchezo mmoja unachukua muda gani? Ukiisha kwa dakika tatu au tano, watu sita wanaweza kupokezana pedi mbili bila ugomvi. Ukichukua nusu saa, kutakuwa na kilio.

La tano, inahitaji kusoma Kiingereza? Zipo gemu nzuri za chemshabongo, kama za Jackbox, ambapo kila mtu hutumia simu yake kujibu. Lakini zinahitaji intaneti, na maswali yake si ya Kiswahili. Hapo bibi amekwisha kutolewa kabla ya kuanza. Gemu inayoeleweka kwa macho ni bora kuliko inayosomwa.

Anza na ulichonacho

Si lazima familia ianze na mashine. Nyumba yenye simu janja moja inaweza kuanza na Ludo King, gemu ya ludo iliyotoka India mwaka 2016. Hupakuliwa bure, na ikishaingia kwenye simu inachezwa bila bando: simu moja inapita mkono hadi mkono, watu wawili hadi sita. Ina matangazo ya biashara, hivyo ni vizuri kuzima intaneti kabla ya kumpa mtoto. Bibi hana cha kujifunza hapa, ludo anaijua. Huenda akawa yeye ndiye mwalimu.

Kwa wenye PlayStation 3 au 4, Rayman Legends ya mwaka 2013 inachezwa na watu wanne. Wote wanakimbia upande mmoja, wakisaidiana kuvuka vikwazo. Aliyekosea hageuki mtazamaji. Anakuwa puto linaloelea, na mwenzake akiligusa anarudi mchezoni. Kaka mkubwa anajikuta kazi yake ni kumwokoa mdogo wake badala ya kumfunga mabao.

Kwenye PlayStation 4 ipo pia Overcooked ya mwaka 2016, kutoka Uingereza. Wachezaji ni wapishi katika jiko moja. Mmoja anakata vitunguu, mwingine anachemsha supu, mwingine anaosha sahani, na saa inakimbia. Wote wanashinda pamoja au wanashindwa pamoja. Uzuri wake kwa nyumba yenye uwezo mdogo ni kwamba pedi moja inaweza kugawanywa, mmoja akashika upande wa kushoto na mwingine wa kulia. Kwa hiyo pedi mbili zinatosha watu wanne. Tahadhari ni kwamba gemu hii ina makelele. Watu watapigiana kelele kuhusu sahani. Hatua za mwanzo ni rahisi, na familia isione haya kubaki hapo.

Wenye Nintendo Switch, ambayo ni adimu zaidi na bei yake ni kubwa, wana uwanja mpana. Mashine hiyo huja na pedi inayogawanyika kuwa mbili ndogo. Mario Kart 8 Deluxe ya mwaka 2017 ni mbio za magari ya watu wanne, na ina msaada unaomzuia dereva mdogo kutoka nje ya barabara pamoja na mafuta yanayojikanyaga yenyewe. Mtoto wa miaka minne anafika mwisho wa mbio kama wengine. Na zipo Mario Party mpya, ya karibuni ikiwa Super Mario Party Jamboree ya mwaka 2024.

Je, gemu ya mpira itupwe? Hapana. Singida ina timu Ligi Kuu, na mapenzi ya mpira yako kwenye damu. Lakini isiwe peke yake, na ichezwe kwa akili. Badala ya mmoja kwa mmoja, wacheze wawili kwa wawili ikiwa pedi zinatosha, hodari akipangwa na anayejifunza. Zikiwa mbili tu, wacheze upande mmoja dhidi ya kompyuta. Hodari apewe timu dhaifu, na mdogo achukue timu kubwa ya Ulaya.

Vijiti vya gemu elfu kumi

Siku hizi kuna vijiti vidogo vinavyochomekwa nyuma ya runinga, vikija na pedi mbili zisizo na waya na maandishi ya kujivunia gemu elfu kumi. Bei yake ni ndogo kuliko mashine kubwa, na ndani yake kuna gemu za zamani za watu wawili ambazo baba atazikumbuka tangu enzi za kaseti za njano, kama Bomberman na Contra. Kwa jioni ya mvua vinaweza kutosha.

Mzazi ajue mambo mawili. Gemu zilizomo kwa kawaida ni nakala zisizo na kibali cha wenyewe, na nyingi hujirudia kwa majina tofauti. Pili, hakuna aliyezichambua kwa umri. Gemu ya kukata watu vichwa inaweza kuwa mstari mmoja chini ya gemu ya katuni. Kaa na kijiti hicho jioni moja peke yako, chagua kumi zinazofaa, ziweke kwenye orodha ya vipendwa kama kipo kitufe hicho, kisha ndipo uwaite watoto.

Soma namba kwenye kasha

Makasha halisi ya gemu yana alama ya umri. Zile za Ulaya, zinazoitwa PEGI, ni namba 3, 7, 12, 16 na 18. Za Marekani, ESRB, ni herufi: E ni ya watu wote, T ni ya vijana kuanzia miaka 13, M ni kuanzia 17. Alama hizo hazipimi ugumu wa gemu. Zinapima kilichomo: damu, matusi, ngono, kamari.

Mario Kart, Overcooked na gemu nyingi za mpira zina PEGI 3. Rayman Legends ni 7. Tekken 7, ya ngumi, ni 16. Grand Theft Auto V, ambayo watoto wengi huitaja kwa kifupi GTA, ni 18, na namba hiyo haikuwekwa kwa bahati mbaya. Mtoto akisema “wenzangu wote wanaicheza”, mzazi amjibu kwa namba iliyo kwenye kasha.

Neno gemu pia lisichanganywe na kamari. Mashine za kutumbukiza sarafu ambazo mitaani huitwa dubwi ni michezo ya kubahatisha, na kisheria ni za watu wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Ndani ya nyumba, hata gemu ya watoto isichezwe kwa kuwekeana hela. Anayeshindwa aoshe vyombo, inatosha.

Ukinunua iliyotumika

Familia nyingi hununua mashine iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo fedha hupotea. Usilipe kabla ya kuiona ikiwaka na kucheza walau nusu saa. Ikipata moto ikajizima, iache. Shika pedi, acha kugusa vitufe, na utazame: mchezaji akitembea mwenyewe kwenye runinga, pedi hiyo imechoka. Weka CD uone kama inasomwa mara moja. Hakikisha imefutwa akaunti ya mwenye nayo wa zamani.

Kubwa kuliko yote, soma maandishi ya umeme nyuma ya mashine au kwenye adapta. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Zipo mashine za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani ambazo hutumia volti 100 hadi 120 tu. Ukizichomeka moja kwa moja ukutani, zinaungua palepale. Maandishi unayotaka kuyaona ni 100–240V.

Singida ina jambo lake la ziada: upepo na vumbi. Feni ya mashine huvuta hewa, na vumbi likijaa ndani mashine huchemka na kupiga kelele. Iweke juu ya meza, mbali na dirisha. Ifunike kwa kitambaa ikiwa imezimwa, na uondoe kitambaa kabla ya kuiwasha.

Hesabu ya LUKU

Mama wengi huuliza kwanza: italeta gharama gani ya umeme? Hesabu si ngumu. Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Mashine inayotumia wati 100 pamoja na runinga ya wati 60 ni wati 160. Saa mbili ni theluthi moja ya uniti. Familia ikicheza saa mbili, siku mbili kwa wiki, ni chini ya uniti tatu kwa mwezi.

Kijana akicheza peke yake saa nne kila siku, ni zaidi ya uniti 19 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye kundi la matumizi madogo, lenye bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi, uniti 19 zinaweza kuivusha kwenye mstari. Kwa hiyo gemu ya familia, ikichezwa kifamilia, ni nafuu. Inakuwa ghali inapogeuka ya mtu mmoja.

Sheria ndogo za sebuleni

Mashine ikae sebuleni, si chumbani. Siku na saa zijulikane, kwa mfano Jumamosi na Jumapili baada ya kazi za nyumbani, na wakati wa kulima, shamba litangulie. Aliyeshinda ampishe mwingine. Aliyeshindwa abaki na pedi. Sheria hiyo moja hubadili mambo mengi, kwa kuwa anayehitaji mazoezi ndiye anayeyapata. Wasichana wapewe zamu sawa, si baada ya wavulana kuchoka. Na mzazi aingie mchezoni mwenyewe, hata akifungwa.

Kwa watoto wadogo sana, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: walio chini ya miaka miwili wasikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne wasizidi saa moja kwa siku. Shirika hilo pia limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mambo mengine yote, na kuendelea hata inapomletea madhara, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. Mtoto anayependa gemu si mgonjwa. Ila anayeacha kula, kusoma na kulala anahitaji msaada wa mtaalamu wa afya. Na mwenye kifafa asicheze gemu zenye mwanga wa kumetameta kabla ya daktari kushauri.

Kurudi Misuna

Ile nyumba ya mfano haihitaji mashine mpya. Baba anaweza kurudi dukani, akaomba kubadilisha CD moja au kuongeza nyingine ya watu wanne. Pedi ni zile zile mbili.

Jumamosi inayofuata, kijana na mdogo wake wameshika pedi moja, huku na huku. Baba na binti wameshika nyingine. Jiko linawaka moto, supu inaungua, sahani zimeisha. Kijana, ambaye hawezi kushinda peke yake hata akitaka, anamwelekeza kitinda mimba: “Wewe kata nyanya tu, mimi nitapeleka.” Mama anatoa maoni kutoka mlangoni kwamba baba hajui kuosha vyombo hata kwenye gemu. Bibi amegeuza kiti.

“Bibi, unataka kujaribu?”

“Mjukuu wangu, mimi hayo makelele siyawezi. Wekeni ile ludo yenu kwenye simu. Leo nataka kumfunga baba yenu.”

Taarifa ya habari imeshapita, na hakuna aliyeikumbuka.